Lori Lililopakwa Mafuta ya Kukamulia

Kinoru, Meru
22 Aprili 2018

Kwa shemeji Gichovi,

Nakusalimu wewe na dada yangu Karwirwa kutoka huku kwenye baridi. Mvua imetushika tangu mwezi uanze. Barabara ya kwenda kazini Nchiru imekuwa uji, na kila asubuhi naingia maabara ya chuo nikiwa na matope mpaka magotini, wanafunzi wanadhani nimetoka kulima. Mke wangu Kaari hajambo, ila amejiunga na kwaya ya akina mama na sasa anaimba hata akiosha sufuria. Ng'ombe wetu yuko kwa jirani, Mithika, maana kumkatia nyasi kulikuwa kunaumaliza mgongo wangu. Mimi mwenyewe nanenepa tumbo peke yake. Kwingine kote napungua.

Nakuandikia barua kwa sababu simu yako umeizima. Dada anasema huipendi tangu ulimi uwe mzito. Sawa. Karatasi haina haja ya ulimi.

Kuna mambo mengine ambayo Karwirwa hajaniambia. Hajaniambia kwamba tangu kiharusi kikuangushe Januari unashinda ukitazama ukuta. Hajaniambia kwamba daktari wa viungo alisema mkono wako wa kulia usipofanyishwa kazi ndogondogo kabla ya mwaka kuisha, huenda ukabaki vilevile ulivyo. Wala hajaniambia kwamba umemwagiza auze spana zako. Kwa vile hajaniambia, mimi nitasema nini? Tuingie kwenye shida yangu.

Mhadhiri mmoja mgeni amemaliza mkataba wake hapa chuoni akaniachia boksi. Ndani mna lori, vipande vipande. Si la plastiki, la watoto. Ni chuma kitupu, la kuunda mwenyewe na kuendesha kwa remoti, na likiisha litakuwa refu kama mkono wangu kutoka begani mpaka vidoleni. Lina chesisi, springi za vyuma vilivyobebana kama zile zako, giaboksi, propela ya kupeleka nguvu nyuma, ekseli mbili za nyuma na difu zake, yale matumbo ya gia katikati ya ekseli, magurudumu kumi. Bolti nilihesabu mpaka mia tatu nikasinzia. Kitabu cha maelezo ni cha Kichina, lakini kina picha, nami picha naweza kusoma.

Wewe umeendesha lori la ndengu kati ya Gachoka na Nairobi miaka ishirini na saba, na likiharibika ulikuwa unalala chini yake ukalitengeneza. Mimi nilishika usukani wa lori lako mara moja tu, mwaka wa 1994, nikarudi nyuma mpaka ndani ya choo cha kanisa letu. Wakati huo ombi lako la kumwoa dada yangu lilikuwa bado mbele ya wazee. Ukawaambia ni wewe uliyekuwa unaendesha, wakakutoza kondoo dume, na baba yangu aliingia kaburini akiamini kwamba mkwe wake hajui kurudi nyuma.

Kwa hivyo najua una kifua cha kufichia mambo. Lakini hili nijibu. Naanzia wapi?

Ni mimi shemeji yako wa choo,
Mwongera


Kinoru
27 Mei 2018

Shemeji Gichovi,

Habari za huko kwenye joto? Mwezi na siku zake umepita bila jibu, nami nimeamua kuamini kwamba posta ya Gachoka imeyeyuka. Huku mvua imepungua. Kwaya ya Kaari ilialikwa kuimba kwenye harusi, wakalishwa mpaka wakashindwa kuimba.

Nilipoona kimya, nikaanza mwenyewe. Wiki tatu kila jioni mezani, miwani puani, Kaari akinikanyagia bolti sakafuni na kunililia mguu wake. Hatimaye likasimama. Shemeji, lilikuwa zuri mpaka nikavaa shati safi kabla ya kuliwasha. Nikalipandisha juu ya vitabu viwili vya nyimbo magurudumu yaelee, nikatia betri, nikabonyeza.

Ekseli ya katikati inataka kwenda Maua. Ya nyuma inataka kwenda Embu. Zinavutana hapo hapo, lori linatetemeka kama mtu mwenye homa. Kaari alitoka jikoni, akatazama kidogo, akasema ni kama sisi ule mwaka wa kwanza wa ndoa. Akarudi kwa chapati zake.

Nimefanya nini kibaya? Neno moja tu linatosha.

Mwongera


Gachoka
16 Juni 2018

Shemeji,

Tuko salama.

Ekseli moja umeilaza chali. Fungua, igeuze.

Huu mwandiko ni wa mkono wa kushoto. Usionyeshe watu.

G.


Kinoru
24 Juni 2018

Shemeji mpendwa,

Barua yako ya mistari mitatu nimeisoma mara kumi. Sikuionyesha watu. Kaari aliiona, lakini Kaari si watu, ni nyumba. Anakusalimu, na mkebe wa asali ulio ndani ya mzigo huu ni wake. Mzigo nitaueleza.

Ekseli haifunguki. Hakuna bolti hata moja inayofunguka. Kisa chake ni hivi, na nakiandika polepole kwa sababu naona aibu. Ndani ya boksi mlikuwa na kichupa cha gundi ya samawati ya kutia kwenye bolti zisilegee. Niliiona nyepesi kama wino, nikasema hii itashika nini? Kuna kibanda cha wanafunzi hapa Nchiru kinachouza ile gundi kali ya kubandika soli za viatu. Nikanunua. Bolti zote, shemeji. Kila moja nimeibandika kama soli. Nimejaribu kufungua mpaka nimeviringisha vichwa vya alen-ki mbili, zile funguo ndogo za bolti.

La pili. Grisi iliyokuja na lori ilikuwa kidogo, ikaisha kwenye giaboksi. Nyumbani kulikuwa na mkebe mpya wa mafuta ya kukamulia ng'ombe, yale ya kupaka chuchu, umekaa tu, nikaona mafuta ni mafuta. Difu zote mbili nimezijaza mpaka mkebe ukaisha.

Nimeshindwa. Nimelituma lori zima na vifaa vyake kwa basi, Karwirwa atalichukua ofisi ya mizigo. Usilifanyie chochote. Liweke tu mahali pakavu, panya wasilale ndani ya kebini.

Mwongera


Gachoka
22 Julai 2018

Shemeji Mwongera,

Salamu kwako na kwa Kaari. Asali ni tamu. Huku tumevuna ndengu, si nyingi, Karwirwa anapura hapo nje na mimi nasikia mlio wa fimbo. Kuku wa jirani wote wamehamia kwetu.

Lori lilifika likitoa jasho. Mafuta yako ya kukamulia yameyeyuka ndani ya buti ya mizigo ya basi, boksi likalowa chini, na kondakta akamuuliza Karwirwa kama hizo ni chipsi. Nimekaa na watu wengi wajinga barabarani. Nilipata tanboi mmoja, msaidizi wangu wa lori, aliyetia maji ya betri kwa redieta. Huyo sasa amekuwa wa pili.

Ulisema nisilifanye kitu. Nilikaa siku tano bila kulifanya kitu. Siku ya sita sikuweza kuvumilia kuliangalia.

Sikia. Hiyo gundi ya viatu haipendi moto. Nilitia ekseli zote mbili kwa sufuria, nikachemsha nusu saa, bolti zikakubali, na yale mafuta yako yakaelea juu kama supu. Sufuria ilikuwa ya Karwirwa ya kupikia githeri. Alipoipata tuliongea. Yaani, yeye aliongea.

Mkono wa kushoto ndio unashika alen-ki. Wa kulia naulaza juu ya chuma kama jiwe, kisihame. Hauna kazi nyingine, na usiniulize habari yake.

Nitumie ile gundi ya samawati uliyoidharau. Alen-ki ya milimita mbili pia, nzima, si kama hizi ulizotafuna.

Gichovi


Kinoru
5 Agosti 2018

Shemeji Gichovi,

Tunawasalimu kwa baridi kali. Asubuhi naanza kwa kupuliza vidole ndipo nivae viatu. Kaari amepewa kuongoza sauti ya pili, na nyumba hii sasa haina sauti nyingine.

Gundi ya samawati nimeipata kwenye kikapu chake cha kushonea, alidhani ni rangi ya kitambaa. Imo ndani ya mzigo pamoja na alen-ki mbili mpya. Moja ni ya kutumia na nyingine ni ya kuficha nikija, nisiitafune.

Ulisema nisiulize, nami siulizi. Nauliza tu jiwe hilo linaloshikilia chuma linaendeleaje. Mawe mengine huwa yanasogea kidogo. Na huyo tanboi wa maji ya betri mwambie nafasi yangu ya kwanza sitampa.

Mwongera


Kinoru
16 Septemba 2018

Shemeji,

Wiki sita sasa. Hatujambo, nanyi natumaini.

Nilimpigia Karwirwa akasema mko sawa. Alisema kwa ile sauti ya marehemu mama, ile ya kutuambia chakula kinatosha. Sikumchimba.

Leo sina mzaha. Kama lori limekuchosha, liache. Lisukume chini ya kitanda au mpe mtu. Sikulituma likuumize. Niandikie tu neno, hata kwa miguu.

Mwongera


Gachoka
14 Oktoba 2018

Shemeji Mwongera,

Salamu. Karwirwa anaendelea vizuri, shamba limelimwa, tunangoja mvua. Daktari wa viungo alinipima mwezi jana na hakusema mengi. Sikumuuliza pia.

Nilinyamaza kwa sababu ya aibu. Sasa nitakuambia.

Lori nililiunda upya lote kwa mkono mmoja na jiwe. Zikabaki bolti ndogo za vioo vya pembeni, kichwa chake ni kama punje ya mtama. Nikasema hizi nitafunga kwa mkono wa kulia, kama daktari alivyosema. Nikashika moja. Ikaanguka. Nikashika tena. Ilianguka kutoka asubuhi mpaka chai ya saa kumi, na kila mara Karwirwa anainama, anaiokota, ananiwekea kwa meza, hasemi kitu. Huko kutosema ndiko kulinishinda. Nilichukua kebini nikairusha ukutani. Mlango ukapinda. Nikajaza kila kitu kwa gunia la ndengu nikamwambia akatupe.

Hakutupa. Wiki tatu gunia likakaa stoo. Juzi akataka boksi la lori aweke mbegu, akang'oa kadibodi ya chini, ile iliyolowa mafuta, na karatasi ikaanguka. Aliisoma akaja akaiweka karibu na dawa zangu, akarudi shambani.

Ni karatasi ya mzigo kutoka ng'ambo. Jina ni lako. Hakuna mhadhiri. Na tarehe ni ya Februari, wiki tatu baada ya mimi kuanguka.

Nikakaa nikafikiria. Mtu mwenye ng'ombe hawezi kumaliza mkebe mzima wa mafuta ya kukamulia kwa difu. Kesho yake atakamua na nini? Shemeji, hiyo ng'ombe haikwenda kwa Mithika kutembea. Nilikuwa naijua. Maziwa yake ndiyo Kaari alikuwa akiniletea hospitali, kwa chupa ya chai, kutoka Meru mpaka Embu.

Karwirwa naye nilimbana akasema. Ati mlipanga pamoja ujifanye hujui kuunda, ndio nikufundishe, ndio mkono upate kazi. Nilimwambia, "Kupanga mlipanga. Lakini huyu hajajifanya. Mtu anayejifanya hawezi kuharibu hivi."

Gunia nimelifungua. Mlango nimeunyoosha na kijiko.

Niandikie ukweli juu ya ng'ombe.

Gichovi


Kinoru
28 Oktoba 2018

Shemeji Gichovi,

Salamu zetu, na leo zinatoka kwa mtu aliyekamatwa.

Ng'ombe niliuza. Mithika ndiye alimnunua, kwa hivyo kusema yuko kwa Mithika haikuwa uwongo, ilikuwa ukweli uliokatwa mkia. Tunamwona kila siku juu ya ua, ananipuuza. Maziwa ya chai Mithika anatuletea chupa moja asubuhi, na Kaari ndiye aliyesema auzwe, kabla hata sijamaliza kuwaza. Sikutaka ujue mapema. Ungelirudisha lori, ng'ombe asingerudi, na wewe ungerudi kutazama ukuta.

Kwa nini lori? Kwa sababu mpira wa kufinya uliopewa hospitali uliutupia kuku. Nikasema huyu hatafinya mpira, lakini akiona nati imelegea atashindwa kulala.

Juu ya kujifanya, umepatia. Mpango wetu na dada ulikuwa nikosee bolti moja tu, nikuandikie kama mtu aliyekwama. Ekseli, gundi ya viatu na mafuta ya kukamulia ni kazi ya mikono yangu mwenyewe, bila msaada wa mtu.

Tena nina la kukusimulia. Barua yako ilinikuta Jumamosi. Jumapili hii, wakati wa shukrani, nilisimama mbele ya kanisa zima nikasema aliyebomoa choo mwaka wa 1994 hakuwa mkwe wetu kutoka Mbeere, alikuwa ni mimi. Nilingoja watu washtuke. Watu walicheka mpaka mhubiri akakaa chini. Mzee Kathuri, ambaye siku hizo alikuwa shemasi, alinishika bega nje akasema, "Tulijua siku ileile. Wewe ulishuka mlango wa dereva ukilia."

Nikamuuliza basi kondoo waliyekutoza alikuwa wa nini. Akasema kondoo alikuwa wa uwongo, si wa choo. Walipokaa kumla, baba yangu aliwaambia kwamba mtu anayekubali kutozwa kwa ajili ya kijana mpumbavu asiye wake, huyo apewe msichana kabla hajabadilisha nia.

Kwa hivyo mzee hakufa akiamini hujui kurudi nyuma. Alijua vizuri. Mimi ndiye nimebeba peke yangu miaka ishirini na nne kitu ambacho kila mtu alikuwa amekishusha.

Bolti za vioo ziache. Lori linaenda bila vioo.

Mwongera


Gachoka
29 Novemba 2018

Shemeji Mwongera,

Barua hii usiisome haraka, haikuandikwa haraka. Nilianza Jumatatu. Leo ni Alhamisi. Ukiona herufi zinalala kama ndengu baada ya mvua, jua ni mkono wa kulia.

Salamu kwa Kaari. Karwirwa anasema tusizungumze juu ya ng'ombe tena kwa barua, tutazungumza tukionana, na kwamba kwa baba mlikuwa mnamla kondoo wangu na yeye hakupewa hata ini. Hiyo nayo imemkaa miaka ishirini na nne.

Ulisema niache vioo. Lori halitoki kwangu bila vioo. Cha kushoto kilichukua siku mbili, cha kulia siku sita. Bolti ya mwisho ilipokazika, Karwirwa alikuwa mlangoni na bakuli. Nilimwambia njoo uone, na ulimi ukatoka wote, mwepesi. Hakuona lori. Alikuwa anaangalia vidole.

Kidole gumba kimeamka kwanza, kwa sababu ya remoti, maana usukani uko upande huo. Cha shahada kinafuata. Hivi viwili vya mwisho bado vimelala na daktari anasema huenda visiamke. Lori kubwa sitaendesha tena. Hilo nilijua tangu Januari, lakini nilikuwa nalijua nikitazama ukuta. Sasa nalijua nikiwa na kazi. Kila jioni napakia ndengu hapa barazani, kikombe kimoja kila safari, nampelekea Karwirwa jikoni. Anasema kuku wanaenda haraka kuliko mimi. Ni kweli, wanatangulia kungoja zinazomwagika.

Spana haziuzwi.

Krismasi mje wote wawili. Nimechukua boksi la viatu nikalisimamisha mwisho wa baraza, nikakata mlango, Karwirwa akachora msalaba juu. Ni choo cha kanisa. Utakaa kwa kiti na remoti, na utarudi nyuma na lori likiwa na mzigo wake, pole pole, mpaka ukipite bila kukigusa. Miaka ile nilikuacha peke yako kwa usukani nikaenda kununua sigara, na hilo sikuwahi kumwambia mtu.

Safari hii nitasimama nyuma yako nikikuelekeza. Rudi, rudi, rudi, simama. Nitakuonyesha kwa mkono wa kulia.

Gichovi